Filamu Mbele ya Macho ya Wacheza Bao

Hapa Kilwa Masoko kuna ufundi ninaouheshimu kuliko mwingi unaolipwa, nao ni ufundi wa kutazama mchezo. Kwenye mabaraza ya bao, waliowazunguka wachezaji hawangoji tu kujua nani ameshinda. Wanafuatilia mtu alivyofika hapo alipo: nyumba yake, shimo lenye akiba ya kete, aliitumia mapema mno? Mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mwenzake, aliuona akauacha, au hakuuona kabisa? Aliyefungwa kwa mchezo safi husifiwa papo hapo, na mshindi wa kubahatisha huambiwa waziwazi.

Jicho la namna hiyo ndilo linalofaa kupima filamu za michezo zinazokusudia kututia moyo. Nimelitumia kwa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016. Inamhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi, akafundishwa chesi na Robert Katende hadi akaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi nchini Urusi mwaka 2010.

Filamu ya aina hii mwisho wake tunaujua kabla hatujakaa kitako. Kila mtoto wa kibanda cha video anajua kwamba steringi hafi. Basi ushindi haupimi chochote; tumtazame mama yake Phiona. Lupita Nyong'o, akimwigiza Harriet, mjane mwenye watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, hamwonyeshi mwanamke wa kuhurumiwa. Ni mkali, ana haya zake, anaogopa mwanawe atapewa ndoto kisha aachwe nayo. Anauza nguo yake ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea, na hakuna anayetoa hotuba juu ya jambo hilo. Hapo Nair ameshika kazi barabara. Kapiga picha Katwe kwenyewe, kwenye matope na rangi zake, na nafasi ya Phiona kampa Madina Nalwanga, msichana ambaye hakuwa mwigizaji wa filamu. Tena hakumfanya Phiona malaika: akitoka kushinda mashindano nchini Sudan anarudi hashikiki, kazi za nyumbani zinamshinda. Urusi anafungwa, na filamu inakaa na machozi yake bila kukimbia.

Kasoro zake nazo si ndogo. Mama na mwana wa Katwe wanaongea Kiingereza hata wakiwa peke yao ndani, mahali ambapo sikio linataka Kiganda. Katende, ingawa David Oyelowo anamwigiza kwa upole wa kupendeza, anageuza karibu kila tukio kuwa somo la maisha. La kuniuma zaidi ni ubao wenyewe. Tunaonyeshwa nyuso, vidole na saa ya mchezo, kete zinasogezwa haraka, mara mtu kashinda. Mcheza bao angeuliza: kwa mbinu gani? Tunaambiwa Phiona anaona hatua nyingi mbele, lakini hatupewi nafasi ya kuiona hata moja pamoja naye. Kipaji chake tunakikubali kwa imani.

Hata hivyo naiweka juu ya filamu nyingi za michezo nilizotazama, kwa sababu ya Harriet na kwa sababu ya Urusi. Ila ningempunguzia Katende mahubiri, na dakika hizo ningezitoa kwa pambano moja tu, ubao ukiwa wazi tangu kete ya kwanza hadi ya mwisho.