Salamu Inayosubiri Kuitikiwa: Sholem Aleichem na Harakati za Kitabu cha Kiyidishi

Makala haya yanamhusu Solomon Rabinovich (1859–1916), mwandishi Myahudi aliyezaliwa Pereyaslav, katika Ukraini ya leo, na anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Sholem Aleichem. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ya lakabu hiyo. Ni salamu, ndugu ya assalamu alaykum ya Kiarabu, na huitikiwa kwa kupindua maneno yake kama tufanyavyo sisi. Mara nyingi huelezwa kuwa ilikuwa kificho: mwaka 1883, alipoanza kuchapisha kwa Kiyidishi, Myahudi aliyetaka kuheshimiwa kwa kalamu yake aliandika kwa Kiebrania au Kirusi. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Salamu hudai mtu wa kuitikia, na mtu huyo, kwa upande wa fasihi ya Kiyidishi, alikuwa bado hajapatikana. Hoja yangu ni kwamba jitihada za mwandishi huyu za kuhariri, kuchapisha, kukosoa na kusoma vitabu mbele ya umati si pambizo la wasifu wake. Ndizo zilizozaa fani ya usimulizi wake, na ndizo pia zilizopotosha uhakiki wake.

Hali ya lugha yenyewe itajwe kwanza. Kiyidishi kilikuwa lugha ya nyumbani ya mamilioni ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Msingi wake ni wa Kijerumani, huandikwa kwa herufi za Kiebrania, na msamiati wake umechota pia kutoka Kiebrania na lugha za Kislavoni. Kiebrania kilishika sala na elimu, Kirusi kilishika serikali na tamaa ya maendeleo. Kiyidishi kilibaki kuitwa “zhargoni” hata na waliokisema tangu utotoni, na vitabu vyake vilihesabiwa kuwa vya wanawake na vya wanaume wasiosoma Kiebrania. Mwanaisimu ataiona diglosia ya kawaida. Lakini diglosia ina upande wa fedha unaosahauliwa darasani: lugha inayodharauliwa hailipi waandishi wake, na mwandishi asiyelipwa huhamia lugha nyingine.

Sholem Aleichem aliushika upande huo. Baada ya baba mkwe wake kufariki mwaka 1885, mali yote ilimwangukia, naye akaitumia kutoa juzuu mbili za mkusanyo alioupa jina la Di Yidishe Folksbibliotek, mwaka 1888 na 1889. Waandishi aliwalipa vizuri, jambo geni katika uchapishaji wa Kiyidishi, na kwa njia hiyo aliwavuta hata waliokuwa wakiandika kwa lugha nyingine. Katika juzuu ya kwanza ndimo Y. L. Peretz alimochapisha Monish, shairi lake la kwanza kutoka kwa Kiyidishi. Mhariri aliligusa shairi hilo kwa mkono mzito, na Peretz akalalamika. Sioni haja ya kumtetea mhariri hapa. Hata hivyo, kisa hicho kinaonyesha kwamba alikuwa akitafuta Kiyidishi ambacho msomaji wa kawaida angekielewa, na alikuwa tayari kumuudhi mshairi kwa ajili hiyo. Mwaka 1890 alifilisika katika biashara ya hisa mjini Kiev, na juzuu ya tatu haikutoka. Hasara hiyo ndiyo malighafi ya barua za Menakhem-Mendl, mlanguzi asiyekoma kupoteza, na za mkewe Sheyne-Sheyndl, ambazo zilianza kutoka mwaka 1892.

Pamoja na soko, alijenga ukoo. Alimwita Sholem Abramovich, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20, “babu”, na utangulizi wa riwaya yake Stempenyu (1888) aliuelekeza kwake. Lakabu ya babu huyo, Mendele Moykher Sforim, maana yake ni Mendele muuza vitabu, yaani mchuuzi anayezunguka vijijini na mkokoteni wake. Kwa tendo moja la adabu, maandishi machache ya jana yakageuka mapokeo yenye babu na mjukuu. Ulikuwa ubunifu mkubwa kuliko riwaya iliyoubeba.

Lakini kila ukoo una anayekataliwa. Mwaka huohuo alitoa Shomers mishpet, kitabu cha uhakiki kilichotungwa kama kesi mahakamani, na mshtakiwa ni Shomer, yaani Nokhem Meyer Shaykevitsh, mtunzi wa mamia ya riwaya za mapenzi na bahati za ghafla. Mashtaka ni yaleyale tunayoyajua: visa vya kuigwa, wahusika wasio wa mazingira yao, hisia za bei rahisi. Mashtaka mengi ni ya kweli. Hukumu ndiyo isiyo ya haki, kwa sababu mahakama haikuuliza ni nani aliyemfundisha mshona nguo na mtumishi wa ndani kununua kitabu cha Kiyidishi na kukimaliza. Aliyewafundisha ni Shomer, na hadhira hiyo ndiyo aliyoirithi mwendesha mashtaka. Kosa hili halituhusu kwa mbali. Tulipoipa jina la riwaya pendwa kazi ya Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo (1965), na zilizoifuata, wengi wetu tulipima ufundi wa mwandishi bila kumhesabu msomaji aliyezaliwa. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha mitihani kwa kipimo hicho.

Tukija kwenye fani, hoja inakuwa wazi zaidi, hata kwa anayemsoma kwa tafsiri kama mimi. Katika “Chungu” (1901), Yente, mjane anayeuza kuku, anakwenda kwa rabi kuuliza swali la mwiko wa kuchanganya maziwa na nyama. Kabla ya kulifikia swali anapita kwa marehemu mume, mwana mgonjwa, wapangaji na majirani. Rabi hapewi nafasi ya kusema neno, mwishoni anazimia. Kichekesho hiki ni mashine ya hadhira. Msimuliwa yumo ndani ya matini, kimya, na msomaji anakalishwa kwenye kiti chake. Tevye naye anamsimulia mtu mmoja tu, Sholem Aleichem mwenyewe, na katika visa vya garimoshi msimulizi ni mchuuzi anayewasikiliza abiria wa daraja la tatu. Kila mara mwandishi amejiweka upande wa anayesikia. Mtu aliyetumia miaka akiwatafuta wasomaji amegundua namna ya kuwaandika ndani ya kitabu.

Hilo linaeleza pia kwa nini maandishi yake yalifaa mno kusomwa kwa sauti. Alizunguka miji akisoma kumbini, hadi mwaka 1908 alipoanguka kwa kifua kikuu huko Baranovichi. Haki za vitabu vyake alikuwa amewauzia wachapishaji. Mwaka 1909 zilikombolewa kwa juhudi za wapenzi wake. Huyu ndiye mwandishi aliyewahi kuwalipa wenzake vizuri. Alipofariki New York, tarehe 13 Mei 1916, watu zaidi ya 100,000 walijitokeza kumzika.

Linabaki jambo ambalo wanaomsifu hulipitia haraka. Nyumbani kwake, na wanawe, alizungumza Kirusi. Msomaji wa Kiyidishi aliyemtengeneza hakumtengeneza mezani pake mwenyewe, na wasia wake unaonyesha kwamba alilijua hilo: aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, jamaa wachague hadithi yake mojawapo ya kuchekesha na kuisoma kwa sauti, kwa lugha yoyote watakayoielewa vizuri zaidi.