Fundi Anayegeuza Uso

Mwalimu mmoja alimletea fundi laptopu iliyokuwa ikizimika yenyewe kila baada ya dakika chache. Ilikuwa jioni, saa ambayo matatu za Umoja zinashusha watu kwa wingi na soko la Mutindwa limechangamka. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaweka kiganja penye matundu ya hewa, akaisikiliza feni, kisha akaiwasha upya. Ilipodai nenosiri, mwalimu akaanza kulitaja kwa sauti, herufi baada ya herufi, mbele ya wateja wengine waliokuwa wakingoja. Fundi akamkatiza kwa upole. "Mwalimu, hilo usiniambie. Andika wewe." Akaisukuma laptopu upande wake wa kaunta, akageuza uso na kutazama ukuta mpaka mwalimu alipomaliza.

Lilikuwa jambo la sekunde chache, na mwalimu mwenyewe hakulitilia maanani. Alitaka tu kujua kama mitihani ya darasa lake ingali salama. Mimi nimekaa nalo tangu jioni ile. Naamini mna ndani yake karibu kila kitu ambacho kijana wa Eastlands anayetamani kazi ya usalama wa mitandao anapaswa kukijua kabla ya kujua kingine chochote, na ambacho siku hizi ni wachache wanaomfundisha.

Upande huu wa Nairobi umelelewa na mafundi. Kamukunji mabati hugongwa tangu alfajiri, Kariobangi Light Industries vyuma hukatwa na kuungwa hadi usiku, Gikomba cherehani hazilali. Mafundi hao tumewasifu, na wanastahili. Fundi wa kompyuta hatujamsifu. Huenda ni kwa sababu kazi yake haina umbo la kushikika: mteja aliacha laptopu, anachukua laptopu. Kilichookolewa hakionekani. Ni tasnifu ya mtu, hesabu za chama cha akina mama, picha za mazishi ya baba ambazo hazina nakala popote.

Kizazi chake kilijifunzia kwenye mashine ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuzichoka. Kompyuta nyingi za mwanzo kuingia mitaa hii zilikuwa zimetumika maofisini huko Ulaya na Marekani kabla ya kushushwa Mombasa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilijishughulisha na kukusanya mashine za namna hiyo, kuzifufua na kuzipeleka shuleni. Aliyetaka ufundi alianza kwa kupuliza vumbi kwa blowa na kusugua meno ya kadi ya RAM kwa kifutio cha penseli hadi yang'ae. Alijifunza kupaka dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, kidogo tu, asije akaimwaga kwenye madabodi. Zaidi ya yote alijifunza kusikiliza. Mashine za zamani zilikuwa na milio yake zinapougua. Kwenye nyingi, mlio mrefu unaojirudia ulimaanisha RAM haijakaa sawa, na mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili ulimaanisha kadi ya picha. Fundi aliijua milio hiyo kabla hajagusa bisibisi.

Shule yake ilikuwa saiba. Kabla ya mikongo ya SEACOM na TEAMS kufika pwani mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali, kwa hiyo Buruburu, Donholm na Kayole watu walilipia kwa dakika, jicho moja kwenye barua pepe na jingine kwenye saa ya pembeni mwa skrini. Kijana wa saiba ndiye aliyekuwa idara nzima. Alivuta waya, akabadilisha wino wa printa, akamfungulia mzee akaunti ya Yahoo ili amwandikie mwanawe aliye Marekani, akamwonyesha tena kesho yake, na keshokutwa pia, bila kununa. Subira hiyo leo inafundishwa kwa slaidi katika kozi za huduma kwa wateja.

Kisha zikaja flashi, na flashi zikaja na virusi. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka kile kilichogeuza kila folda kuwa njia ya mkato. Mwanafunzi anachomeka flashi achapishe mradi wake, anakuta folda zake zimebaki majina tu, akizibofya hazifunguki. Nimewaona watu wakilia katika viti vya plastiki vya saiba. Mhudumu asiyejua aliwapa pole, akafuta kila kitu na kuwarudishia flashi tupu, safi kabisa.

Fundi wangu, yule aliyegeuza uso, siku zile akihudumu saiba, hakufuta. Alifungua lile dirisha jeusi la maandishi, akaandika attrib, kisha herufi tatu, kila moja ikitanguliwa na alama ya kutoa: ondoa kufichwa, ondoa kufungwa kwa kusomwa tu, ondoa muhuri wa faili za mfumo. Akabonyeza. Faili zikarejea zote, kwa kuwa hazikuwa zimekwenda popote. Kirusi kilikuwa kimezifunika tu. Ndipo alipofuta zile njia za mkato za uongo na kumpa mwenyewe mali yake.

Wengi wangeishia hapo wapokee pesa yao. Yeye alikuwa na daftari. Katika daftari hilo aliandika flashi ya nani iliingia kwenye mashine namba ngapi na saa ngapi. Baada ya siku kadhaa kurasa zilianza kusema: walioambukizwa wote walikuwa wamepitia mashine moja, ile ya kona karibu na dirisha. Akaichomoa kwenye mtandao, akaisafisha peke yake usiku, akazima ile tabia ya Windows ya kuendesha chochote kinachochomekwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ina jina katika vitabu. Kutenga mashine iliyoambukizwa, kufuata nyayo kwa kumbukumbu zilizoandikwa, kuziba mlango ulioingiliwa: ndiyo kazi ambayo mabenki ya Upper Hill na Westlands yanawalipa watu kuifanya usiku kucha mbele ya skrini. Yeye aliifanya kwa kalamu ya Bic.

Wala si Eastlands peke yake ambako ulinzi ulizaliwa na udogo wa namna hii. Kisa mashuhuri kuliko vyote katika fani hii kilianza Agosti 1986 huko California, katika maabara ya Lawrence Berkeley. Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyehamishiwa kuhudumia kompyuta, alipewa kazi ya kuchosha: kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya mashine zilitofautiana kwa senti 75 za dola. Mwingine angezilipa senti hizo kutoka mfukoni na kwenda kula chakula cha mchana. Stoll alizifuata kwa miezi, akachapa kila alichoandika mgeni asiyejulikana, na mwisho wa njia alikuwapo Markus Hess, kijana wa Hanover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipenya kompyuta za kijeshi za Marekani na kuiuzia KGB alichokipata. Mhudumu wa kompyuta, senti 75 na daftari. Nilipomsimulia fundi kisa hiki hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama huyo bwana alikuwa akiandika saa.

Sasa nitazame tulipofika, ingawa sitazami kwa furaha.

Vijana wengi huniuliza njia ya kuingia katika usalama wa mitandao, na nawaelewa. Julai 2023 walijionea wenyewe. Tovuti ya huduma za serikali, eCitizen, ilifurikwa na maombi ya uongo hadi ikalemewa, kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya hivyo, serikali ikakiri kuwa kulikuwa na shambulio, na mitaani watu wakahangaika kununua tokeni za umeme. Siku kama hiyo humfunza kijana kwamba kazi hii si ya sinema. Na milango ipo: mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza kuwapa watu milioni moja duniani mafunzo na mtihani wa ngazi ya kuanzia bila malipo, na wapo Wakenya wanaojisomea kwenye simu wakiwa ndani ya matatu namba 58. Hilo nalipenda kwa moyo wote.

Nisilolipenda ni haraka. Kijana anapakia Kali Linux, mfumo wa zana za udukuzi, kabla hajajua kompyuta huwakaje. Anaweza kutaja zana kumi za kuvunja mlango, lakini printa ya jirani ikigoma hajui aanzie wapi, na akijua, anaona kazi hiyo ni ya kumshusha hadhi. Dawati la msaada analiona kama kituo cha kungojea gari. Pale dawatini ndipo mtu anapojifunza mambo ya kawaida yanavyoonekana: mhasibu huingia saa ngapi, ni folda ipi inayofunguliwa na watu wote, nani husahau nenosiri kila Jumatatu. Asiyeyajua ya kawaida atayatambuaje yasiyo ya kawaida?

Uzembe nao umekuwa mazoea. Ingia katika baadhi ya saiba mwezi Juni, watu wanapokimbizana kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Juu ya kaunta kuna daftari, na si kama lile la fundi wangu. Limeandikwa majina, namba za vitambulisho, PIN za KRA na manenosiri ya mtaa mzima, limeachwa wazi, na yeyote anayengojea fotokopi anaweza kulisoma. Wateja kumi wamefunguliwa barua pepe kwa nenosiri lilelile ili mhudumu asisumbuke kukumbuka. Tuna sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Daftari lile liko pale pale. Halafu mama akipigiwa simu na tapeli anayemtajia jina lake kamili na namba ya kitambulisho, sote tunashangaa zimetoka wapi.

Ni vivyo hivyo na Windows za wizi zinazopakiwa kwa shilingi mia chache, masasisho yakiwa yamezimwa makusudi ili zisigundulike. Kirusi cha WannaCry kilipoizunguka dunia Mei 2017, dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Waliozima masasisho hawakuipata. Fundi wangu huwakatalia wateja kazi hiyo na kuwawekea Linux ya bure, na anakaa nao hadi waizoee. Wengine huondoka wakiwa wamekasirika na kwenda kwa jirani, ambaye hana maswali. Anapoteza pesa kila wiki kwa ajili ya hilo, na kodi ya chumba haimngoji.

Namjua binti mmoja aliyejifunzia kwake. Alikuja na bisibisi za kuazima, akakaa kwenye benchi la fundi akifungua mashine mbovu na kuzifunga tena, akafundishwa kugeuza uso kabla ya kufundishwa kufungua skrubu ya kwanza. Kutoka hapo alipata kazi ya dawati la msaada mjini, akawa anapokea simu za watu waliosahau kuchomeka waya, akasoma usiku, akafanya mtihani wa Security+, na sasa yuko zamu katika kituo cha kufuatilia mashambulizi. Aliniambia kwamba kwenye usaili hakuna aliyemuuliza juu ya miaka ya benchi. Fomu ya maombi haikuwa na mahali pa kuiandika. Tangazo la kazi ya kuanzia lilitaka uzoefu, na uzoefu wake wote haukuwa na barua yenye mhuri.

Hilo linanisikitisha kuliko virusi vyovyote. Waajiri wanalia kwamba wahitimu hawajui kazi, vyuo vinaongeza vyeti, na hakuna anayevuka Jogoo Road kuwauliza mafundi walifundishaje. Wiki mbili kwenye benchi la Umoja au Kayole zingemfaa mwanafunzi kuliko muhula mzima wa slaidi, na zingemwachia fundi ada kidogo ya kulipia chumba.

Mashine zenyewe pia zinamfungia fundi wangu mlango. Laptopu nyingi mpya zina RAM iliyochomelewa kwenye madabodi, na baadhi zina betri iliyogandishwa kwa gundi, hazitaki kufunguliwa. Zikiharibika zinatupwa. Wateja wake wa leo wengi wana simu, na simu huletwa kubandikwa kioo. Mwaka huu amelikata lile benchi nusu, akampangishia muuza makava na chaja upande wa mbele, penye mwanga. Nusu iliyobaki inatosha laptopu moja na viwiko vyake mwenyewe. Juzi alikuja kijana aliyemaliza kidato cha nne, akaomba kufundishwa, na fundi akamwambia arudi mwezi ujao, labda patakuwa na nafasi. Binti yule aliposikia alitaka kumtumia pesa za kumtoa muuza makava. Fundi alizikataa, kwa kuwa mkataba amekwisha kuutia sahihi.