Kizuri Chajiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwa na magari, lakini mtu akikaa saa moja tu kando ya barabara mjini Arusha ataiona methali hiyo ikimpita kwa magurudumu manne. Litapita Land Rover kuukuu, bati limebonyea, turubai lina viraka, sepetu na kamba zimefungwa nyuma. Hakuna atakayegeuka, ila mjuzi wa magari atalitazama mpaka lipotee. Litafuata jingine, limeinuliwa hata kizingiti cha mlango kikawa kiunoni pa mtu. Lina mataa sita juu ya paa, ngao ya mabomba yanayong'aa mbele, na matairi yaliyotokeza nje ya bodi kama masikio ya tembo. Hapo barabara nzima itageuka, na mwenye gari atajua kwamba imegeuka.

Nikiyasema haya mbele ya vijana huniambia: “Mzee, kila mtu na ladha yake.” Sikatai. Lakini ladha si neno la kufungia mazungumzo; ndipo hasa yanapoanzia. Hata chakula kina ladha, na bado tunajua chumvi iliyozidi. Nimejaribu basi kujiuliza ni nini hasa kinachoniudhi katika magari yale, na jibu nililolipata mwishoni si lile nililoanza nalo.

Nilianza kwa kudhani kwamba gari la porini lisipambwe kabisa. Fikra hiyo niliipata kwa Land Rover yenyewe. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikitolewa kwa mgawo, na kwa hiyo bodi likaundwa kwa aloi ya aluminiamu. Mabati yake yakaachwa bapa, maana bati bapa hukunjwa bila mashine za gharama kubwa. Hakuna aliyekaa akabuni uzuri pale. Hata hivyo madigadi yale bapa ya mbele yamekuwa meza ya fundi kupangia spana zake, benchi la wapagazi kupumzikia, na mahali pa kuweka kikombe cha chai alfajiri porini. Uzuri ulikuja wenyewe, kwa mlango wa nyuma, baada ya kazi kwisha kuingia kwa mlango wa mbele.

Magari yaliyobadilishwa kwa sababu ya kazi nayo yana uzuri huo. Katika filamu ya Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, John Wayne anaonekana ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, ameshika mti wenye kitanzi, gari likimkimbiza kifaru. Ukikiona kiti kile gari likiwa limesimama utacheka. Ukikiona vumbini, mtu amejifunga mkanda na mnyama yuko hatua chache tu, hutacheka tena. Kadhalika karakana za Arusha huichukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, aina iliyoanza kutoka mwaka 1984, zikakata chesisi, zikaunga kipande katikati, zikajenga bodi refu lenye madirisha mapana na paa linaloinuliwa. Wako wanaonung'unika kwamba gari limekuwa kama mkate wa boflo. Mimi naliona zuri. Kila mgeni ana dirisha lake, wote wanaweza kusimama kumtazama simba bila mtu kukanyaga nje, na lile paa lililoinuka ni kivuli wakati wa jua la saa saba. Sehemu ikiulizwa “Uko hapa kwa nini?” inajibu bila kusitasita.

Sasa tuyaulize swali hilo hilo magari yanayojitembeza. Mengi yameiga mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953. Kwa miaka mingi mashindano hayo yalipita katika barabara zisizofungwa, ambamo ng'ombe, punda na basi la abiria walikuwa na haki ile ile ya kupita. Ndiyo sababu magari yake yalifungwa ngao mbele, mataa ya ziada, na mabomba marefu ya kuvutia hewa kwa ajili ya mito na vumbi. Watu wa mjini wakaichukua sura, wakaiacha sababu. Ngao inayomkinga dereva asiuawe na ng'ombe usiku, katika msongamano wa sokoni haimkingi mtu yeyote. Huko iko sawa na kichwa cha mtoto anayevuka. Umoja wa Ulaya uliliona hilo mwaka 2005, ukaagiza ngao za namna hiyo zipimwe kwanza kwa usalama wa waendao kwa miguu kabla ya kuuzwa.

Kuinua gari nako ni vivyo hivyo. Inchi mbili zikiwekwa na fundi anayejua zitaliokoa tumbo la gari kwenye mawe. Zikiwa sita, propela inafanya kazi kwa pembe isiyoandaliwa, usukani unapoteza ile tabia ya kurudi katikati wenyewe, na gari linapinda kona kama mtu aliyebeba ndoo kichwani kwa mara ya kwanza. Ukiongeza matairi makubwa kupita kiasi, hata kipimo cha mwendo kinasema uongo: kinaonyesha pungufu ya mwendo ulio nao. Halafu juu ya yote hayo anapandisha keria ya chuma yenye mizigo mizito, na kuuhamishia uzito kule kule juu unakoleta hatari.

Lakini si hesabu hizi zilizonibadilisha fikra. Ni safari moja ya mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, katika njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka. Gari halikuwa langu. Lilikuwa la tajiri mmoja, na dereva wake alikuwa kijana mpole asiyezidi miaka ishirini na mitano. Ubavuni, kandokando ya kioo cha mbele, lilikuwa na lile bomba jeusi la kuvutia hewa ambalo mafundi huliita snokeli. Tulifika kwenye korongo, maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Kijana alisimama. Alitaka tungoje yapungue. Mimi nilikuwa na haraka zangu, nikamwambia: “Pita tu, mwanangu. Gari lina pua ndefu hili.”

Akanitii, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Katikati ya korongo maji yalipanda juu ya boneti, injini ikatoa mlio mmoja kama nyundo juu ya fuawe, ikanyamaza. Tulitoka kwa dirisha. Wachungaji wa Kimaasai walitushika mikono hadi ukingoni, na jioni lori lililokuwa likipita likalivuta gari. Kesho yake fundi mzee wa Mto wa Mbu alifungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya lile bomba, kisha akamtazama kijana kwa huruma.

“Mwanangu, hili limepigwa skrubu juu ya bati tu. Nyuma yake hakuna tundu.”

“Lakini baba, tajiri mwenyewe aliniambia ni snokeli.”

“Ni sura ya snokeli. Injini yako ilikuwa inavutia hewa humu humu chini.”

Maji hayashindiliki kama hewa. Yalipoingia ndani, pistoni ilikutana nayo ikakosa pa kwenda, na mkono wake ukapinda. Tajiri alikata gharama ya injini katika mshahara wa kijana, na miezi miwili baadaye akamwachisha kazi. Nilikwenda kumwombea, nikaeleza kwamba mimi ndiye niliyemhimiza na kwamba bomba lile lilitudanganya sote wawili. Tajiri alinijibu kwamba bomba lilikuwa pambo, na kila mwenye akili angejua.

Jibu hilo limenikaa moyoni miaka yote hii, kwa sababu lina hoja ndani yake. Pambo kweli si dhambi. Itazame milango ya Zanzibar yenye njumu za shaba zilizochongoka. Wajuzi husema asili ya njumu hizo ni India, ambako ziliwekwa kuwazuia tembo wa vita wasisukume mlango. Mji Mkongwe haujapata kuvamiwa na tembo wa vita. Basi njumu zile nazo ni sura iliyoachana na sababu yake, na bado sijaona mtu mwenye macho akaziita ovyo. Kwa nini niusamehe mlango nisilisamehe gari?

Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu katika Mji Mkongwe anayelala usingizi kwa kuzitegemea njumu zile. Zimekiri kwamba ni urembo, na zikisha kukiri zimekuwa huru kuwa nzuri. Ni sawa na madereva wa malori wanaoandika misemo nyuma ya bodi, wakachora maua na tai kwenye vipande vya mpira vya kuzuia matope. Msomi mmoja aliwahi kuniambia huo ni ushamba. Mimi nayapenda, maana ua lililochorwa haliahidi kumvusha mtu mtoni. Kibaya si pambo; ni pambo lililovaa nguo za kazi. Snokeli isiyo na tundu, winchi iliyofungwa kwenye bampa la bati lisiloweza kubeba uzito wa gari, ndoano ya kuvutia iliyokazwa kwa skrubu za mbao: hivi vyote ni ahadi. Na ahadi hailipwi na aliyeitoa. Hulipwa na dereva wa kuajiriwa, anayelikuta gari likiwa tayari limeshavalishwa uongo.

Baada ya safari ile nililizunguka gari langu mwenyewe. Nyuma lilikuwa na madumu mawili ya chuma ya mafuta, yamepangwa vizuri kwenye vishikizo vyake, na watu walikuwa wakiyasifu. Niliyafungua. Moja lilikuwa tupu na buibui ndani. La pili mfuniko wake ulikuwa umeshika kutu, haukufunguka hata kwa nyundo. Lau mtu angekwama na gari lile usiku Engaruka, angeyatumaini madumu yale kama mimi nilivyolitumaini bomba. Niliyashusha siku ile ile. Gari likabaki na vishikizo vitupu, na kwa kweli halipendezi sana hivyo. Lakini anayelitazama sasa anaona kile kilichopo.