Mgema na Msifu Wake: Juu ya Sanaa ya Kuonja Bia

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwaonya watu wenye kuvimba kichwa, na kwa kutumiwa hivyo mara nyingi imepoteza nusu ya maana yake. Ndani yake wamo watu wawili, mgema na yule amsifuye, lakini lawama yote hutwikwa mgema peke yake. Hakuna amwulizaye msifu. Je, alionja kiasi gani kabla ya kusifu? Alisifu kwa maneno gani? Alikuwapo mwenziwe aliyeonja tembo lile lile, aliyeweza kumwambia kwamba amekosea? Kama sifa ndiyo iliyoharibu kinywaji, basi hapana budi sifa yenyewe ilikuwa na kasoro, na kasoro ya sifa ni jambo linalomhusu mhakiki kuliko mtu mwingine yeyote. Makala haya yanakusudia kumpima msifu huyo katika mazingira yake ya siku hizi, yaani matamasha ya bia, vikao vya kuonja, na ziara za viwandani ambazo watu hufanya pamoja na rafiki zao.

Asili ya desturi hizo si ya mbali. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1960, makampuni makubwa yaliacha polepole bia iliyoendelea kuiva ndani ya pipa, yakaleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto na kutiwa hewa, isiyobadilika toka mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa safarini Ireland waliasi jambo hilo, wakaanzisha chama cha kuitetea bia ya zamani, kijulikanacho kwa jina la CAMRA. Mwaka 1977 chama hicho kilifanya tamasha lake kuu la kwanza katika jumba la Alexandra Palace, London. Mwaka huo huo mwandishi wa magazeti Michael Jackson, mzaliwa wa Yorkshire, alitoa kitabu chake *The World Guide to Beer*. Huko Marekani, ambako viwanda vya bia vilikuwa vimepungua hata havikufika mia moja, Charlie Papazian alianzisha tamasha la mfano huo mjini Boulder, Colorado, mwaka 1982. Inasimuliwa kwamba alipomweleza Jackson nia yake, Jackson alimwuliza bia yenyewe angeitoa wapi. Jibu lilikuja baadaye: miaka arobaini ilipotimia, viwanda vya nchi hiyo, vingi vyao vidogo sana, vilikuwa vimepita elfu tisa.

Kabla ya kuendelea, yafaa niseme jambo moja waziwazi. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawanywi kileo, ama kwa amri ya dini ama kwa hiari yao, na sina nia ya kuwashawishi. Swali lililo mbele yetu ni la hukumu: mtu awezaje kusema neno la kweli juu ya ladha, ambayo kila mmoja huipata kinywani mwake peke yake? Swali hilo ni lile lile kwa bia, kwa togwa, kwa kahawa ya Bukoba, na kwa shairi.

Tumwanze Jackson, maana ndiye baba wa msifu wa kisasa. Ubora wa kitabu chake hauko katika kuorodhesha bia nyingi. Uko katika kuipa kila bia kwao. Alipoieleza bia ya Ubelgiji au ya Bavaria, alieleza pia mji, nafaka, maji, desturi ya mezani na watu walioipika, hivi kwamba msomaji aliona kuwa ladha ni matokeo ya historia. Huo ni uhakiki wa hali ya juu. Lakini palikuwa na hatari ndani yake. Ili kuzipanga bia za dunia, Jackson alizigawa katika mitindo, na mgawanyo huo, uliokuwa maelezo tu mikononi mwake, umekuwa sheria mikononi mwa wafuasi. Katika mashindano ya Marekani leo yako mafungu yapatayo mia, na bia iliyo nzuri yaweza kukosa medali kwa sababu haikulingana na fungu lake. Hapa wanafunzi wa ushairi wetu watatabasamu, kwani wanaujua ugomvi huo. Mwenye kuchunguza vina na mizani hufanya kazi ya haki. Lakini mwenye kuhesabu mizani tu, asiulize shairi limesema nini, ameacha kuhakiki akawa karani.

Jambo la pili ni lugha. Mwonjaji mchanga hupenda kurudia maneno aliyoyasoma, na mara nyingi hayo ni maneno ya matunda asiyoyajua na maua asiyowahi kuyanusa. Mwaka 1979 wataalamu, wakiongozwa na Mdenmaki Morten Meilgaard, walitoa gurudumu la ladha, yaani duara linaloonyesha majina ya harufu na ladha zote za bia walizoweza kuzitenga, ili watu wa maabara mbalimbali waelewane. Lilikuwa jambo la manufaa, lakini gurudumu hilo lina kwao kama bia zilivyo na kwao. Bia iliyopigwa na jua ndani ya chupa nyeupe hutoa uvundo, na Wazungu huufananisha na uvundo wa mnyama aishiye Amerika. Sisi tunaye kicheche, wala hatuna haja ya kusafiri.

Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Maneno hayo yenyewe yanatoa ushahidi kinyume. Tunatenganisha uchungu na ukali, na vyote viwili na uchachu. Tena tunalo neno ukakasi, lililo la thamani sana kwa mwonjaji. Uchungu ni ladha, nao katika bia hutokana hasa na maua ya hopi. Ukakasi si ladha bali ni hali ya kinywa kukauka na kukunjamana, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Nao mara nyingi hutoka katika maganda ya shayiri yaliyosuuzwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Mtu asemaye bia hii ni chungu, na asemaye bia hii ina ukakasi, wametaja sababu mbili tofauti, na mpikaji akiwasikia atajua atengeneze nini. Vivyo hivyo kuna bia ya ngano ya Bavaria inayonukia ndizi na karafuu, ijapokuwa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Ni kazi ya hamira peke yake. Kwa mtu wa Munich karafuu ni kumbukumbu ya keki za Krismasi. Kwa mtu wa Pemba ni mikeka ya mavuno iliyoanikwa juani. Anayeijua karafuu mbichi na kavu ana haki ya kuisema bia hiyo kwa usahihi uliozidi wa wenyeji wake.

Sasa tulitazame tamasha lenyewe. Katika tamasha kuu la Marekani mgeni hupewa kikombe kidogo, akamiminiwa wakia moja kwa mara moja, yaani kama mililita 30, naye huzunguka kati ya mamia ya meza. Katika tamasha la Kiingereza hununua painti, au nusu yake, au theluthi yake ambayo ni karibu mililita 190. Tofauti hii yaonekana ni ya hesabu tu, kumbe ni tofauti ya hukumu. Katika funda moja au mawili, bia yenye kelele humshinda jirani yake: iliyojaa hopi, iliyo nzito, iliyokaa katika pipa la wiski. Bia ya upole, kama ile nyepesi ya dhahabu iliyoanza kupikwa Plzeň mwaka 1842, haisemi kitu katika funda la kwanza. Utamu wa kimea chake na uchungu wake hupatana polepole, na mtu huuona uzuri wake bilauri inapokaribia kwisha. Basi kikombe kidogo kimekwisha kutoa hukumu kabla ya mwonjaji kufungua kinywa. Na hapo methali yetu imepinduka. Mgema wa leo akisifiwa hatii maji; huzidisha. Katika miongo hii wapikaji wengi, kwa kufuata sifa za tamasha, walishindana kuongeza hopi na nguvu, hata bia nyingine zikawa za kustaajabiwa kuliko za kunywewa. Kosa lilianzia kwa msifu aliyeonja kidogo akasifu sana.

Yuko atakayejibu kwamba kikombe kidogo ni ulinzi dhidi ya ulevi. Jibu hilo lina ukweli, nami silidharau, kwa kuwa ulevi humwua mwonjaji kabla ya kumwangusha mnywaji: ulimi huchoka, pua huziba, na baada ya bia kadhaa kila kitu huwa kizuri. Waonjaji wa mvinyo hutema. Waonjaji wa bia kwa kawaida humeza, wakisema kwamba uchungu husikika vizuri nyuma ya ulimi. Lakini wakia moja mara sitini si kiasi kidogo. Ni zaidi ya painti tatu, tena za bia kali. Ulinzi wa kweli ni uchache wa bia.

Hapa ndipo rafiki wanapoingia, wala hawaingii kama pambo la starehe. Watu wanne wakikubaliana kuonja bia nane kwa siku nzima, wakigawana bilauri moja moja, kila mmoja hunywa kidogo, lakini bia yenyewe hupata muda wa kutosha mezani. Lililo kubwa zaidi ni kwamba sasa neno la kila mmoja lina wa kulijibu. Mmoja asema, inanukia siagi. Mwingine anusa, akataa. Wa tatu angoja bia ipate joto kidogo, akakubali: ndiyo, siagi imo, na katika bia ya namna hii ni kasoro, maana hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Mabishano hayo ndiyo uhakiki. Ladha ilikuwa siri ya mtu mmoja, na kwa njia ya neno lililopingwa likasimama, imekuwa mali ya watu wanne. Mwonjaji wa peke yake, mwenye daftari na alama zake, aweza kuwa hodari. Lakini hana hakimu, na asiye na hakimu upesi hugeuka kasuku au mlevi.

Hata hivyo mabishano ya mezani yana mpaka, maana wanne waweza kukosea pamoja. Dawa yake ni kukiendea kiwanda. Mfano mmoja watosha. Katika mtaa wa Anderlecht, mjini Brussels, kiko kiwanda cha Cantillon, kilichoanza mwaka 1900, na tangu mwaka 1978 ni makumbusho pia, kwani mwenyeji wake aliona kwamba bila wageni kazi hiyo ingekufa. Hapo maji ya kimea, yaliyochemshwa na hopi zilizohifadhiwa hata zikapoteza harufu ya ujana, humiminwa katika chombo kipana cha shaba chini ya paa, yakaachwa usiku kucha ili hewa ya baridi iyashukishie hamira za mwituni. Kwa hiyo hupikwa katika miezi ya baridi tu. Kisha bia hulala katika mapipa ya mbao mwaka, miwili, au mitatu, na mpikaji huchanganya changa na kongwe ili zikamilishane. Buibui hawafukuzwi, maana hula wadudu. Mgeni aliyeionja bia hiyo tamashani akasema imeharibika, kwa ukali wa uchachu wake, akisimama chini ya paa lile na rafiki zake hupata sababu ya kila ladha aliyoilaumu. Hatalazimika kuipenda. Lakini hawezi tena kuiita kosa, na kutofautisha nisichokipenda na kilichokosewa ndiyo elimu ya kwanza ya mhakiki.

Nadhani Mchaga wa mteremko wa Kilimanjaro angeuhitaji muda mchache zaidi kuielewa bia hiyo. Mbege nayo ni chachu, nzito, na hai. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa kuchachuka, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe likatiwa kwa ajili ya uchungu, kama hopi itiwavyo Ulaya. Hunywewa katika kibuyu kipitacho mkono kwa mkono, na mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni. Desturi hiyo huelezwa kuwa ni kuwaondolea wageni shaka ya sumu. Mimi naona ndani yake jambo la pili: aliyeitoa pombe ameonja mbele ya mashahidi, na mashahidi wataonja kutoka chombo kile kile. Hapana awezaye kuisifu kwa uongo bila jirani yake kujua katika dakika hiyo hiyo. Sherti zote tulizozitafuta katika makala haya zimo: kinywaji kimoja, watu kadhaa, mpikaji aliye karibu, na neno linalojibika.

Basi tusiyahukumu matamasha kwa wingi wa mapipa yao wala kwa medali zao. Tuyahukumu kwa swali hili: je, yanampa mtu nafasi ya kukaa na wenziwe juu ya bilauri moja mpaka wakubaliane au wajue kwa nini hawakubaliani? Yakifanya hivyo, ni madarasa. Yasipofanya, ni masoko yenye kelele, na msifu atatoka humo amejaa majina bila kuwa na hukumu hata moja iliyo yake. Mgema hutia maji pale anapojua kwamba amsifuye hawezi kuyatambua.