Sauti ya Kuazima, Mwili wa Kukatazwa: Usanii wa Harry Belafonte katika Wimbo na Filamu

Ni ada ya wahakiki wetu wengi kumtenga mwimbaji apendwaye na umma na kumwachia mwandishi wa magazeti. Kwa mtazamo wao, rekodi inayouzwa kwa wingi ni bidhaa tu, wala haistahili kuhakikiwa kama matini. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza usanii wa Harry Belafonte (1927–2023), Mmarekani mweusi aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji. Tunadai kwamba mvutano baina ya sauti yake na mwili wake, yaani baina ya kusikika na kuonekana, ndio ufunguo wa kuielewa kazi yake.

Belafonte alizaliwa Harlem, New York, na sehemu ya utoto wake akaishi Jamaika, nchi ya mama yake. Aghalabu husahauliwa kwamba azma yake ya kwanza ilikuwa uigizaji. Alisomea fani hiyo kwa Erwin Piscator, na kuimba kwenye vilabu kukawa njia ya kulipia masomo. Hata hivyo, ni wimbo uliompa umaarufu. Albamu yake *Calypso* ya mwaka 1956 ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 31, na huhesabiwa kuwa ya kwanza ya mwimbaji mmoja kuuza nakala milioni moja.

Yuko atakayesema kwamba mauzo hayo yalitokana na kupunguza makali. Hoja hii ina uzito. Sehemu kubwa ya albamu hiyo si kalipso ya Trinidad, na wimbo wake mashuhuri, "Day-O", chimbuko lake ni wimbo wa kazi wa wapakiaji ndizi wa Jamaika. Kilio cha kibarua aliyekesha gatini kikawa burudani ya sebuleni. Lakini tukizingatia utendaji, tunaona kwamba Belafonte hasimulii habari za kibarua. Anaivaa nafsi yake. Mwito na mwitikio vimehifadhiwa, na uchovu unasikika katika pumzi. Huyu ni mwigizaji aliyepata jukwaa ndani ya wimbo.

Katika filamu mambo yalikuwa kinyume. Katika *Carmen Jones* (1954), iliyoongozwa na Otto Preminger, Belafonte anaonekana akiimba, ilhali sauti ni ya LeVern Hutcherson, kwa kuwa muziki huo wa Bizet ulihitaji sauti ya opera. Sababu ni ya kiufundi, lakini taswira inayobaki inatatiza: mwimbaji aliye karibu kuwa maarufu kuliko wenzake wote anafumbua kinywa, na sauti inayotoka si yake. Katika *Island in the Sun* (1957) sauti alirudishiwa, ila mwili ukawekewa mpaka. Mhusika wake na yule wa Joan Fontaine, mwanamke mzungu, wanavutiwa bila hata kubusiana. Soko lililonunua sauti yake halikuwa tayari kuutazama mwili wake ukipenda.

Jawabu lake lilikuwa kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya filamu. Katika *Odds Against Tomorrow* (1959), iliyoongozwa na Robert Wise, anaigiza mwanamuziki wa klabu mwenye madeni anayeingizwa katika njama ya wizi pamoja na mzungu mbaguzi. Mwishoni wawili hao wanaungua hata maiti zao hazitambulikani. Ukatili wa tamati hiyo hauna mfano katika nyimbo zake za sokoni. Baada ya hapo alikaa mbali na filamu za sinema kwa takriban miaka kumi.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja iliyokuwa na "Malaika", na Kiswahili kikasikika katika nyumba nyingi za ughaibuni. Miaka sita kabla yake, yeye, Jackie Robinson na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa ajili ya mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka wanafunzi Marekani. Ndege ya kwanza, mwaka 1959, ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mpango huo ulimchukua Wangari Maathai, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sifa njema za mtu, bila shaka, hazigeuzi wimbo dhaifu kuwa bora, na zipo nyimbo zake zilizo nyepesi. Tunachosisitiza ni kwamba mhakiki anayesoma filamu pekee atamwona mwigizaji aliyenyimwa nafasi, na anayesikiliza rekodi pekee atamwona mtumbuizaji. Mgogoro wenyewe hudhihirika vinaposomwa pamoja. Idara zetu, ambazo baadhi ya waasisi wa taaluma nchini walisomeshwa kwa umaarufu wa msanii kama huyu, hazina budi kuupa wimbo wa umma nafasi katika mitalaa yake.