Kujua wa Kuanza Naye

Tukimsifu muuguzi, wengi wetu husifu moyo wake. Tunasema ana huruma, ana subira, ana kauli nzuri. Sifa hizo anazistahili, lakini zinaacha nje jambo ninaloliona mimi kuwa ndilo kiini cha kazi yake, nalo ni akili ya kupanga. Muuguzi wa wodi ya watu wazima, iwe ya magonjwa ya ndani au ya upasuaji, akipokea zamu hukabidhiwa watu wengi kwa mpigo. Wote wanamhitaji, naye ana mikono miwili tu. Aanze na nani? Swali ni fupi, ila kulijibu vema ni kazi ya miaka ya kusoma na kutazama, na mara nyingi uhai wa mtu umo humo. Ujuzi huo ndio ninaotaka kuusifu.

Una mpangilio wake, na wauguzi wanaujua hata ukiwaamsha usiku wa manane. Kwanza njia ya hewa: iko wazi, au imezibwa na ulimi, matapishi, uvimbe? Pili kupumua: kifua kinapanda sawa pande zote mbili, na kwa kasi gani? Tatu damu: mapigo, presha, ubaridi wa vidole, kiasi cha mkojo. Nne fahamu: mgonjwa anaitika, anaelewa anapoulizwa, sukari yake ikoje? Tano mwili mzima ufunuliwe utazamwe, kisha ufunikwe upesi, asipate baridi wala asivunjiwe heshima. Mpangilio huu umefuata kile kinachoua mapema zaidi. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache, ilhali kidonda kinachosubiri kubadilishwa bandeji kinaweza kungoja saa nzima bila madhara makubwa.

Lakini kukariri ni kitu kimoja, na wodi ni kitu kingine. Tuchukue wodi ya upasuaji ya wanaume, saa kumi na mbili jioni, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Kijana aliyevunjika paja, mguu umefungwa uzito, anapiga kelele kwa maumivu. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume analalamika kwamba tumbo la chini limejaa, na mkojo katika mfuko wake haujaongezeka tangu alasiri. Mgonjwa wa kisukari aliyekatwa kidole cha mguu amechomwa insulini, chakula kikachelewa. Sasa anatokwa na jasho na majibu yake hayaendani na maswali. Mwingine ameruhusiwa, anadai karatasi zake awahi basi. Na pale pembeni yuko bwana aliyerudishwa kutoka chumba cha upasuaji mchana, baada ya kuondolewa bandama iliyopasuka katika ajali ya pikipiki. Ametulia. Ameomba maji mara mbili, kwa adabu.

Mgeni angekimbilia kwa kijana. Muuguzi mzoefu anamwambia, "Nimekusikia mdogo wangu, dawa yako naileta," kisha anapita. Anafika kwa mwenye kisukari na kumpima: sukari iko chini ya milimoli 4 kwa lita. Bado anaweza kumeza, basi anampa gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu au vinne vya chai, zilizokorogwa katika maji. Anamwacha mwanafunzi wa uuguzi karibu naye, ampime tena baada ya dakika 15 na asimwache alale. Yeye mwenyewe anakwenda kwa yule aliyetulia, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Anamshika mkono na kuukuta wa baridi, una unyevunyevu. Mapigo 118. Pumzi 26 kwa dakika. Presha 110 kwa 86. Mtu asiyejua akiiona presha hiyo atashusha pumzi na kusema mgonjwa yuko salama. Muuguzi anajua vingine. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na anaweza kupoteza hadi karibu asilimia 30 yake namba ya juu ya presha ikiwa bado imesimama, kwa sababu moyo umeongeza mwendo na mishipa imejibana kufidia pengo. Mapigo yanapanda, pumzi zinapanda, zile namba mbili za presha zinakaribiana, mkojo unapungua, kiu inazidi, mtu anaanza kuhangaika au kunyamaza. Presha huanguka mwisho. Anayeingoja ianguke ndipo ashtuke anaungoja mwili ushindwe.

Kwa hiyo anapenyeza mkono chini ya mgongo wa mgonjwa, kwa kuwa damu hufuata mteremko, na bandeji inaweza kuwa kavu kwa juu huku shuka limelowa kwa chini. Anatazama chupa ya kukusanyia majimaji ya kidonda. Anatazama mfuko wa mkojo: mtu wa kilo 60 anatarajiwa kutoa angalau mililita 30 kila saa, na huyu ametoa chini ya hapo. Hata kama shuka ni kavu na chupa ni tupu, hatulii, maana tumbo linaweza kuficha damu nyingi. Anamwekea oksijeni, anahakikisha dripu inapita, kisha anampigia daktari. Hasemi "mgonjwa hayuko sawa." Anasema ni nani, amefanyiwa nini na saa ngapi, namba zake zilikuwaje saa moja iliyopita na sasa zikoje, yeye anahofia nini, na anataka nini: "Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje sasa hivi." Kauli hiyo nayo ni sehemu ya ufundi. Daktari aliyeko jengo jingine haoni chochote ila anachochorewa kwa maneno.

Baada ya hapo ni zamu ya mzee, ambaye mpira wake wa mkojo umezibwa na mabonge ya damu na unahitaji kusafishwa kwa maji safi ya chumvi yasiyo na vijidudu. Halafu kijana. Muuguzi hampi dawa na kuondoka, kwa kuwa kelele zake nazo ni taarifa. Anagusa vidole vya ule mguu: vina joto? Anahisi akiguswa? Anaweza kuvichezesha? Maumivu yanayopita kiasi kwenye mguu uliovunjika yanaweza kumaanisha kwamba misuli imevimba na kujinyonga yenyewe ndani ya ganda lake, na hilo halitibiwi kwa sindano ya kutuliza. Vidole viko salama, basi anampa dawa. Na kama ni ya jamii ya mofini anahesabu pumzi zake kwanza, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuzipunguza hadi mahali pa hatari. Karatasi za anayerudi nyumbani zinakuja mwisho. Hata hizo hazikabidhiwi hivi hivi. Lazima ajue kidonda kikianza kutoa usaha au joto likipanda arudi wapi.

Katika yote hayo, kama ningeambiwa nichague tendo moja la kuusifu uuguzi wote, ningechagua kuhesabu pumzi. Litazame kwa karibu. Muuguzi anamshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo. Macho yako kwenye saa, kisha kwenye shuka linalopanda na kushuka juu ya tumbo. Hamwambii anachokifanya, kwa kuwa mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hupumua vingine. Anahesabu dakika nzima. Hapigi hesabu ya robo dakika mara nne, maana pumzi za mgonjwa huweza kwenda haraka, zikakatika, zikarudi tena. Katika dakika hiyo anaona pia mengine: puani kunatanuka, misuli ya shingo inavuta, sentensi inakatwa katikati ili hewa iingie.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Viungo vikikosa oksijeni, tindikali hujikusanya katika damu, na ubongo huamuru mapafu yaongeze kasi kuiondoa. Ndiyo maana pumzi hubadilika mapema, iwe ni damu inayovuja, nimonia, au maambukizi yaliyoenea mwilini. Mwaka 2012 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kilipotoa mfumo wa kupigia alama dalili za hatari, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2017, pumzi 25 au zaidi zilipewa alama 3, ambayo ni ya juu kabisa kwa dalili moja, na inatosha peke yake kumfanya mgonjwa aangaliwe kwa dharura. Hata hivyo hiki ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Ziko chati duniani kote ambamo kila kitanda kinapumua mara 20, asubuhi na jioni. Muuguzi anayeandika 26 kwa sababu amehesabu 26 anafanya jambo kubwa, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Upo upande wa pili wa kupanga, na heshima yake ni ileile. Kuna mambo ambayo hayatamuua mgonjwa usiku huu, ila yakiachwa yatamuua baada ya wiki mbili. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, kabla ngozi ya makalio na visigino haijaanza kuoza. Aliyepasuliwa tumbo ashikiliwe mto juu ya kidonda, akohoe, avute pumzi ndefu, mapafu yasijae makohozi. Asimame na kutembea mapema, damu isigande miguuni. Mpira wa mkojo utolewe pale usipohitajika tena. Kinywa kisafishwe, mikono ioshwe kabla ya kumgusa mtu na baada ya kumgusa. Kazi hizi ushahidi wake ni kile ambacho hakikutokea, na ndiyo maana ni rahisi kuzisahau tunapogawa sifa.

Virginia Henderson, muuguzi na mwalimu wa Marekani, aliorodhesha mahitaji 14 ambayo muuguzi humsaidia mtu kuyatimiza hadi apate nguvu, nia au maarifa ya kujitimizia mwenyewe. Orodha inaanza na kupumua. Lakini inaendelea hadi kulala, kuvaa, kuabudu, kufanya kazi, kucheza na kujifunza. Naipenda orodha hiyo kwa sababu inatufundisha kwamba kitu kuwa cha kwanza hakukifanyi kuwa cha pekee. Muuguzi anaanza na hewa ili mtu aendelee kuishi, na anataka aishi ili siku moja arudi msikitini au kanisani kwake, dukani kwake, shambani kwake, kwa wanawe. Anayemwambia mzee, "Shikamoo baba, naomba nikugeuze upande huu," na kusubiri aitikie ndipo amguse, hajatoka nje ya vipaumbele vyake. Heshima imo ndani yake.

Ujuzi huu una adui mmoja mkubwa, nao ni uchache wa watu. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa upasuaji zaidi ya laki nne katika nchi 9 za Ulaya. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa unaongezeka kwa asilimia 7. Hizo ni nchi za Ulaya. Anayejua wodi zetu, ambako muuguzi mmoja wa usiku anaweza kubeba wodi nzima na ndugu ndio wanaoogesha na kulisha, hahitaji kuelezwa mzigo wetu una uzito gani. Hakuna akili ya kupanga, hata iwe kali vipi, inayoweza kuwahesabia pumzi watu arobaini kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo sifa peke yake haitoshi. Siku muuguzi atakapopita kitanda cha ndugu yako bila kusimama, kumbuka kwamba huenda amekwisha kumtazama na kuona anaweza kungoja, na kuna mwingine asiyeweza. Akimwita daktari usiku na kusema "naomba uje sasa hivi," daktari aje. Na wenye mamlaka ya kuajiri wapange idadi ya wauguzi kwa kipimo hiki: kila mgonjwa mzima aliyelazwa apate, katika kila zamu, mtu aliyesomea kazi hiyo mwenye dakika moja kamili ya kumhesabia pumzi, na nafasi ya kufanya jambo kuhusu alichokiona.