Bomba la Fimbo Hupimwa Mdomoni

Bomba la kubebea fimbo za kuvulia lililopakwa nyekundu na nyeupe za Simba huvuta macho, na lile la kijani na njano za Yanga halibaki nyuma. Yakisimamishwa kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, pale Pasiansi, Mwanza, wapita njia huyasifia kwa sauti: rangi imekaa vizuri, mkanda mpana, kifuniko kinabana. Sifa zote hizo ni za nje. Hakuna anayetia kidole ndani, na ndani ndimo kazi ilimoharibikia.

Inaudhi, kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri na ni cha wenyeji. Mkoba wa dukani wa fimbo, ule unaoletwa kutoka ng'ambo, ni ghali kwa mtu anayevua sato juu ya mawe ya Kirumba au Igombe siku za mapumziko. Mabomba ya PVC yako kila duka la vifaa vya ujenzi. Moja la mita 6 hutoa vipande vitano vya mita 1.2, na kila kipande kinaimeza fimbo ya mita 2.1 inayogawanyika mara mbili, ikabaki nafasi ya kiganja kwa ajili ya kitako na kizibo. Nafasi ikizidi hapo, fimbo inacheza. Ikipungua, ncha inagonga. Anayekwenda kutafuta sangara Rubondo, au karibu zaidi Saanane, kisiwa chenye jina la mvuvi na mkulima Mzee Saanane Chawandi na hifadhi ya taifa tangu 2013, hubeba fimbo nene yenye pete kubwa. Huyo asidanganywe na bomba la inchi mbili. Inchi tatu, basi.

Sasa mdomo.

Bomba likikatwa kwa msumeno wa chuma, ukingo wa ndani hubaki na meno madogo ambayo jicho haliyaoni. Mnunuzi hutazama ukingo wa nje, kwa kuwa ndio unaoonekana, na fundi mvivu hupiga msasa ukingo huo huo wa nje kwa kuwa ndio unaotazamwa. Lakini fimbo haipiti nje. Kila inapotolewa na kila inaporudishwa, pete zake hukwaruzwa kwenye ukingo wa ndani. Pete hazikushikwa na misumari. Zimefungwa kwa uzi mwembamba uliofunikwa na vanishi. Vanishi hukwanguka kwanza, alama ndogo nyeupe isiyomshtua mtu. Kisha uzi hutoa nywele. Maji huingia chini yake, pete huanza kutikisika, na siku sangara mzito anapovuta, pete inang'oka na uzi wa rili unaisugua fimbo hadi kimojawapo kikubali kukatika. Mwenyewe atamlaumu aliyemuuzia fimbo. Bomba lake la rangi za klabu limesimama kando, halishukiwi na mtu.

Mafundi wa kweli wana njia mbili. Ya kwanza ni tupa ya nusu duara, ikipelekwa kutoka ndani kuja nje kwa mlalo mpaka ukingo upoteze kona, kisha msasa mkali, kisha msasa laini. Fundi mmoja wa Kitangiri, aliyekulia kwenye kazi ya kuziba mitumbwi, humaliza kwa kipande cha pamba mbichi. Huizungusha pamba mdomoni polepole, na ikiacha unyuzi mmoja tu, bomba linarudi kwenye msasa. Usukuma ni nchi ya pamba, kipimo hicho hakimgharimu kitu, na hakuna mashine inayomshinda.

Njia ya pili ni ya juu zaidi, na siku hizi wachache wana subira nayo. Ncha ya bomba huzamishwa kwenye maji yanayochemka hadi ilegee, kisha husukumiwa juu ya kitako cha bakuli la bati, ikafunguka kama tarumbeta. Ukingo wenye meno unageukia nje kabisa, fimbo haiukuti tena. Wanaoharakisha hupasha bomba juu ya mkaa. Hao wasiigwe, maana PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Bomba la mdomo uliofunguka halikubali kifuniko cha kuvalisha kwa nje. Linataka kizibo cha kuingiza ndani, kilichochongwa kwa soli za kandambili zilizounganishwa kwa gundi. Ndiyo maana bomba zuri mara nyingi huonekana la kimaskini likiwekwa kando ya lile lenye kifuniko cha dukani.

Matapeli nao wanajua kwamba siku moja mnunuzi atatia kidole. Mmoja alikuwa akipaka nta ya mshumaa ukingoni. Kidole kinateleza kama juu ya kioo, na baada ya mchana mmoja wa jua nta imeyeyuka na meno yako palepale. Dawa yake ni ukucha: kwaruza, ukiona unga mweupe unajikunja, rudisha. Mwingine hubandika ndani utepe wa tyubu ya baiskeli na kuuita kinga. Joto hulegeza gundi, utepe hujikunja kuelekea ndani, na kila fimbo iingiayo huusukuma hadi chini ambako hukaa na maji. Hila kubwa kuliko zote ni hiyo rangi. Bomba lililong'olewa kwenye nyumba ya zamani, likiwa limekaa juani miaka mingi, hukauka na kupasuka likigongwa kwenye jiwe, na jiwe Mwanza halitafutwi. Rangi mpya huficha uchovu huo. Kwa hiyo bomba liwe halina rangi kabisa, au liwe jeupe. Hakuna la tatu.

Chini ya bomba kuwe na mto wa kandambili wenye tundu katikati, na tundu hilo litokee nje. Hewa ya ziwani ina unyevu, na fimbo iliyofungiwa na maji yake hupata ukungu kwenye mpini na kutu kwenye pete. Hata Uingereza, ambako fimbo za mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa hutunzwa ndani ya mirija ya alumini, kanuni ya kwanza ni kutozifungia zikiwa mbichi. Mfuko wa kitenge kilichochakaa uvalishwe kila kipande cha fimbo peke yake. Kitenge kipya ni kigumu na hakinywi maji. Mkanda ufungwe kwa fundo, kamwe usikazwe kwa bolti, kwa kuwa kichwa cha bolti kinachotokeza ndani ni mdomo mwingine mbovu, tena usiofikiwa na tupa.

Wazee walikuwa na mwanzi mtupu, na waliutunza kuliko wengi wanavyozitunza fimbo za kisasa. Mwanzi ulikatwa kiangazi, ukazamishwa majini majuma kadhaa ili utamu wake utoke, maana huo ndio chakula cha fukusi. Kisha ukalazwa juu ya uchaga wa jiko la kuni, moshi ukaukausha taratibu na kuwafukuza wadudu. Mwanzi wa namna hiyo ulikuwa wa rangi ya chai na haukumwaga unga hata kidogo. Leo jiko ni la gesi, mwanzi unasimamishwa pembeni mwa ukuta ukiwa mbichi, na baada ya mwaka umepinda na umebunguliwa.

Kusimamisha pembeni ndilo kosa kuu la nyumbani, kwa mwanzi na kwa fimbo ya dukani pia. Fimbo inayoegemea hujifunza kupinda. Kreti tupu la soda, lenye vyumba vyake, hushika vitako vizuri, lakini peke yake halitoshi. Lazima pawe na ubao wenye matundu unaoshika vichwa kwa juu, fimbo zisimame wima. Ambaye ukuta wake una nafasi apigilie vigingi vitatu vya mti, vilivyofungwa vitambaa, na alaze fimbo juu yake. Vigingi viwili havifai kwa mwanzi mrefu, kwani tumbo lake hushuka. Na visiwe chini kabisa ya bati, ambako joto la saa nane mchana hulegeza gundi za pete.

Mwenye mwanzi mzima wa mita nne hana bomba la kumsaidia; safari yake ni ya mguu au ya bodaboda. Kwa mguu, kitako hutangulia na ncha hufuata nyuma, maana ncha ikitangulia vichakani huvunjika kwa jiwe la kwanza. Kwa bodaboda, mwanzi hulazwa sambamba na pikipiki na kufungwa kwa mipira ya tyubu sehemu mbili, na ncha iliyotokeza nyuma hufungwa kitambaa chekundu. Anayeupakiza kwa kukingama barabara, hata akiwa anakwenda Kirumba tu, ashushwe.